Breka ya Thelathini na Mbili

Robi mwanangu,

Mama yako amemaliza kukupangia sanduku, na yote ya sabuni, ya nauli, ya kutokula chipsi kila siku na ya kuamka mapema kumsaidia mke wa mjomba ameshakuambia. Huko sina la kuongeza, na ningejaribu angenikatiza. Mimi nimejifungia karakanani, nimesogeza mota ya mashine ya kusaga ya watu ili nipate mahali pa kuweka karatasi. Wateja wawili wamechungulia, wameniona nimeshika kalamu, wakadhani napiga hesabu ya kazi zao. Nimewaacha waamini hivyo.

Unajua baba yako anavyojisifu, basi nianze na hilo. Nyumba nyingi za Nkende na Turwa hapa Tarime zenye taa nimepanda mimi darini mwake. Mota zikiungua huletwa kwangu hata kutoka Sirari, na ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka, wanaoita umeme stima, hunipigia simu kabla hawajawapigia mafundi wa kwao. Mimi ni fundi mzuri na sioni haya kulisema. Kwa hiyo usiisome barua hii kama ya mtu aliyeshindwa maisha. Ni barua ya fundi mzuri aliyefanya jambo baya, akaligundua mapema, kisha akalinyamazia kwa miaka kumi na minne.

Unaikumbuka siku ya pasi? Ulikuwa kidato cha pili, umerudi na daftari la fizikia, ukaniambia, "Baba, nipe kifaa chochote nikupigie hesabu yake." Nikakupa pasi ya mama yako. Kibandiko chake kilisema wati elfu moja, volti mia mbili thelathini. Ukagawanya, ukapata ampea nne nukta tatu, ukapiga mistari miwili chini ya jibu na kunitazama kwa maringo. Nikakuambia, haya, sasa tupime. Mita ikasoma volti mia mbili ishirini, na mkondo ukawa ampea nne nukta moja. Ukanuna. "Mita yako mbovu," ukasema. Haikuwa mbovu. Tulizidisha volti kwa ampea tukapata wati mia tisa na mbili, tukagawanya volti kwa ampea tukapata ukinzani wa omu hamsini na tatu na kitu. Kibandiko kiliandikwa kiwandani, na sisi tulikuwa Nkende. Nilijua siku hiyo kwamba utakuwa fundi, kwa sababu ulinuna nusu saa tu, halafu ukaenda kupima birika bila kuambiwa.

Hesabu hizo mbili nazijua kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu. Gawanya volti kwa ampea, unajua kifaa kinaukinza umeme kiasi gani. Zidisha volti kwa ampea, unajua kinakula kiasi gani. Chuoni watakuongezea mengine mengi yenye herufi za ajabu, na utayaweza, maana kichwa chako ni chepesi kuliko changu. Lakini moto ule wa kwa bibi yako, kijijini Kewanja, ulitoka katika hizi mbili tu. Zote zinahitaji ampea, na ampea ndizo nilizokwepa kuzipima.

Najua hadithi ya ule moto umeisikia kwa namna moja tu. Mjomba wako Mwita, mdogo wake mama yako, aliunga waya vibaya, chumba cha mama yake kikaungua. Ndiyo maana ukoo mzima unamwita Mwita wa Moto, na ndiyo maana mtu akichomeka chaji ya simu mbele yake lazima atokee wa kumtania. Krismasi iliyopita alitaka kutusaidia kuchomeka spika, wewe ukasema, "Mjomba, hiyo usiguse, tutalala nje!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, akakupa plagi mkononi. Na mimi nilicheka, Robi. Hicho kicheko changu ndicho kinachonitoa jasho ninapoandika hapa.

Kesho unakwenda Mwanza kuishi chini ya paa lake miaka yote ya chuo. Sitaki uingie nyumba ya yule mtu ukiwa na uongo wangu mdomoni.

Sikiliza sasa. Umeme ulipofika kwa bibi yako, wewe ulikuwa na miaka minne, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kusimama kama fundi. Nilijitolea kumfungia mama mkwe wangu nyumba nzima. Sebuleni na nje nilifunga mwenyewe. Lakini unajua desturi yetu: mkwe haingii chumba cha ndani cha mama mkwe, hata kwa bisbisi. Nilisimama sebuleni, nikapitisha waya ukutani, na Mwita akaingia ndani akaupokea. Nilimwelekeza kupitia pazia. "Mwekundu na mwekundu. Kaza. Kaza tena. Umevuta kuona kama unatoka?" Akajibu, "Nimevuta, shemeji, hautoki." Alikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini siku ile alifurahi waziwazi, kwa sababu tulishakubaliana kwamba baada ya kazi ile tutafanya kazi pamoja, mimi na yeye, na jina moja kwenye kibao.

Kwa kuwa chumba kile kilikuwa cha taa moja na redio, nilipeleka waya mwembamba, wa milimita moja na nusu, na nikakiwekea breka yake, ile swichi inayojikata mkondo ukizidi, ya ampea kumi. Mpaka hapo sikukosea chochote. Ungenikagua siku ile ungenipa alama zote.

Kisha bibi yako akaanza kufuga kuku. Wafanyakazi wa mgodi wa jirani walikuwa wananunua kuku kuliko alivyoweza kuwakuza, naye si mtu wa kuacha nafasi ipite. Vifaranga aliwalea chumbani mwake kwa kuogopa wezi, na kuwapa joto alinunua Sirari majiko mawili ya koili, yale ya udongo yenye waya uliojikunja kama springi ya kalamu. Kila jiko lilikula ampea tano. Mawili, kumi. Breka ikavumilia.

Sasa hapa ndipo uwe makini, maana utakutana nalo katika nyumba za watu mpaka uchoke. Koili ikikatika, mtu hanunui mpya. Anavuta ncha mbili, anazisokota pamoja, maisha yanaendelea. Bibi yako alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara koili ilibaki fupi kidogo. Koili fupi ina ukinzani mdogo, ukinzani mdogo unaruhusu mkondo mkubwa, na jiko likazidi kuwaka vizuri. Yeye aliona limepona. Vifaranga walinawiri. Breka tu ndiyo ikaanza kujikata.

Akanitumia ujumbe: umeme wako unakatika. Umeme wangu! Nikaenda. Nikafungua boksi la breka pale ukumbini, nikapima volti, nikapata mia mbili thelathini safi. Mita ya kubana waya, ile ya kupimia mkondo, ilikuwa mkobani. Nisingehitaji kuingia ndani. Nisingehitaji kumsumbua mtu yeyote. Ningeubana ule waya pale pale ukumbini, nikasoma namba, na kila kitu kingejulikana kabla maji ya chai hayajachemka.

Sikuubana, kwa sababu nilijua namba ile ingenilazimu kuuliza. Ningemwambia mama mkwe wangu, mbele ya watu, "Mama, una nini chumbani kwako?" Swali hilo mkwe haulizi. Hata jinsi ya kulianza sikuijua. Tena nilitaka anione fundi asiyekwama. Basi nikatoa breka ya kumi, nikaweka ya thelathini na mbili iliyokuwa mkobani imebaki kwenye kazi nyingine. Breka ikatulia. Mama mkwe akanichinjia jogoo. Nilikula nikashiba, nikarudi Tarime nikipiga mluzi.

Breka ile ndogo haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli, na mimi nikaiondoa kwa sababu ilikuwa inanisumbua. Kwenye kazi hii utaombwa jambo hilo hilo na watu unaowaheshimu sana: mchungaji, mwalimu wako, baba wa rafiki yako. Watakuambia weka kubwa tu, mwanangu, inatusumbua. Wewe una bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo, kwamba mjukuu wa kike ataingia chumba chochote cha bibi yake akakae hata kitandani. Lakini kila mtu ana mlango ambao heshima inamzuia kuusukuma. Wako sijui utakuwa upi. Utakapoufikia, pima kwanza, halafu ndiyo uone haya.

Moto ulitokea mchana wa Jumapili. Bibi yako alikuwa ametoka kanisani, akaona moshi unatoka chini ya bati. Aliingia kuokoa vifaranga, na ile alama ya mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kifundo, ndiyo ya siku hiyo. Majirani walimvuta nje. Chumba kiliungua, paa likaanguka, nyumba iliyobaki ikanusurika.

Jumatatu asubuhi nilifika Kewanja kabla wazee hawajakaa. Nilisimama mbele ya kile chumba nikisita, kisha nikajiambia kwamba mahali pasipo paa si chumba cha mtu tena. Nikaingia. Nikatafuta kiungio cha Mwita. Kilikuwa ndani ya kiboksi chake ukutani, na kilikuwa kizima, Robi. Kimekazwa vizuri kuliko ambavyo ningekaza mimi siku ile, shaba yake bado inang'aa. Waya wenyewe ndio uliokuwa umeungua, mita baada ya mita, kutoka mlangoni mpaka kwenye soketi, mpira wake umeyeyuka wote. Kiungio kibaya huunguza mahali pamoja. Waya uliobebeshwa kupita uwezo wake huungua mwili mzima.

Nikafukua majivu nikazipata koili. Mpya huwa na omu arobaini na sita. Nikapima moja, omu ishirini na tatu. Nyingine vilevile, imebaki nusu. Hesabu unaiweza, ifanye mwenyewe hapo ulipo. Mia mbili thelathini gawanya kwa ishirini na tatu, ampea kumi kwa kila jiko. Majiko mawili, ampea ishirini. Zidisha kwa volti, wati elfu nne na mia sita zinapita kwenye waya wa taa, kutwa kucha, juu ya dari kavu chini ya bati la moto. Na breka yangu ya thelathini na mbili imekaa kimya kwa sababu kwake ampea ishirini si kitu. Nilichuchumaa pale kwenye majivu na nikajua kila kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuelewa moto mmoja vizuri hivyo.

Kisha wazee wakakaa. Mzee mmoja akauliza, "Waya za ndani aliunga nani?" Mwita akasimama. "Ni mimi." Yule mzee akanigeukia, akaniita kijana kwa lugha yetu. "Mura, wewe ndiye fundi. Kiungio kikiwa kibaya, kinaweza kuwasha moto?"

Nikasema, "Kinaweza."

Neno moja tu. Hata leo mtu akiniuliza swali hilo nitajibu hivyo hivyo, maana ni kweli, kinaweza. Lakini nililisema ili wasiniulize lingine, na hawakuuliza. Mwita alinitazama. Nilidhani ana hasira, nikainamisha macho. Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaamini. Mimi ndiye niliyejua umeme, na mimi nimesema kinaweza, basi akakubali kwamba alikuwa karibu kumuua mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kibao chetu cha majina mawili hakikuwahi kuandikwa. Pale kijijini hakuna aliyemruhusu tena kushika hata swichi. Akaenda Mwanza, akaanza kuuza mbao, na amefanikiwa, simlilii hali yake. Lakini utaona mwenyewe ukifika: balbu ikiungua nyumbani kwake, anayepanda kwenye stuli kuibadilisha ni mkewe. Mwita anatoka nje na kusubiri. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikuwa mgeni mezani kwake, na niliendelea kula.

Nimejitetea kwa kila namna kwa miaka hii. Nilisema nina mke na mtoto mdogo, jina likiharibika tutakula nini. Nilisema koili ni za bibi. Nilisema Mwita ameshasahau, si anacheka? Kila utetezi ulikuwa na ukweli ndani yake, kama lile neno langu mbele ya wazee. Mwanangu, ukijikuta unachagua maneno ya kweli kwa uangalifu mno, simama ujiulize unaficha nini. Mimi sikujiuliza, na nimeishi na aibu hii miaka yote huku nikisifiwa kwa kazi nzuri.

Wiki iliyopita Mwita alipiga simu. Akasema, "Shemeji, mlete mtoto, chumba kipo. Ila hayo masomo yake ya umeme asiniulize mimi, unajua tena." Akacheka. Nilikata simu nikashindwa kurudi kazini.

Nikaandika barua mbili, yako, ambayo leo naiandika upya, na nyingine ya kwake. Niliona nimepata njia safi kabisa: wewe utambebea bahasha, atasoma, mimi nitakuwa huku Tarime salama salimini. Mama yako nilimweleza usiku wa juzi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alilia kwa ajili ya mdogo wake, kisha akasema, "Kwanza tukamwambie mama."

Basi leo mchana tulikwenda Kewanja. Ulidhani tumekwenda kuchukua ndizi zako za safari, na kweli tumezileta. Bibi yako alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, mimi nikakaa mbali kidogo, ubavu ubavu, tusitazamane usoni, kama inavyotakiwa kwa mkwe, mama yako katikati. Nikasema yote. Nilitaja breka, nikataja waya, nikataja lile neno.

Bibi yako akauliza, "Koili zilikuwa zangu?"

"Koili zilikuwa zako, mama. Breka ilikuwa yangu. Wewe hukujua. Mimi nilijua."

"Na Mwita?"

"Mwita hakukosea kitu. Alikaza vizuri."

Akaushika ule mkono wake wenye alama, akausugua taratibu. "Nilimwambia maneno mabaya siku ile," akasema. "Alikuwa amenishika ili nisianguke, na mimi namwambia maneno mabaya." Mama yako akamwendea akamkumbatia. Mimi sikuweza hata kusogea.

Nilipotoa ile bahasha ya Mwita na kusema kwamba utampelekea wewe, mama mkwe wangu alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu nimwoe binti yake. Alinigeukia akanitazama usoni, machoni kabisa. "Usitume mtoto," akasema. "Nenda mwenyewe kamwambie mwanangu."

Bahasha nimeichana njiani. Tulipofika stendi ya Tarime nilikata tiketi ya pili, kiti kinachopakana na chako. Najua ulitaka kusafiri peke yako kama mtu mzima, na umekuwa ukiwatangazia rafiki zako, nisamehe kwa hilo. Barua hii nitakupa basi likishatoka mjini. Isome yote, polepole, na usinitazame mpaka umalize. Ukikasirika, kasirika, una haki. Ukiona huwezi kuongea nami mpaka Mwanza, tutakwenda kimya, mimi nitaelewa.

Tukifika, kaa na mizigo langoni kwa mjomba wako, usiingie nami. Hili si la kwako kulibeba. Mimi nimemzidi umri na nimeoa dada yake, kwa hiyo tangu tufahamiane yeye ndiye anayenitangulia kwa shikamoo, hata awe na mbao begani. Kesho nitawahi mimi. Nitamwamkia kabla hajafungua mdomo, na nitabaki nimesimama pale pale mlangoni mpaka aamue kuitikia.

Baba yako